Jicho la Sungura Halimlindi Mnunuzi wa Kahama

Ipo hoja moja iliyokwisha kuota mizizi katika mazungumzo yetu juu ya vipodozi, kiasi kwamba mtu akiitamka hapati wa kumpinga. Inasemwa hivi: afadhali krimu ijaribiwe kwenye jicho la sungura kuliko kwenye uso wa binti yetu. Anayeisema si katili. Mara nyingi ni mama anayemtakia mwanawe heri, au muuza duka wa Nyahanga, Kahama, aliyeona wateja wakirudi na mashavu yaliyobabuka, au msusi wa saluni anayejua mkorogo unavyoweza kumfanya mtu ndani ya miezi michache. Wengine huongeza la pili: kwamba kuwahurumia wanyama wa maabara ni shughuli ya Wazungu walioshiba, na kwamba Shinyanga na Geita, kwenye wachimbaji wanaofukiwa mashimoni na familia zinazohangaikia mlo wa jioni, hakuna nafasi ya kuhesabu machozi ya sungura. Nazipinga hoja zote mbili. Sidai kwamba uhai wa sungura una thamani sawa na uhai wa binti. Ninachodai ni kwamba sungura huyo anateswa na binti haokolewi, na kwamba anayelinunua kopo lile analipia mateso hayo kwa jina la usalama ambao hajapewa.

Tuanze na kipimo chenyewe, maana wengi wanaokitetea hawajawahi kuelezwa kinavyofanyika. Mwaka 1944 John Draize, mtaalamu wa elimu ya sumu katika Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, alichapisha pamoja na wenzake utaratibu wa kupima jinsi kemikali inavyowasha ngozi na macho. Sungura weupe ndio waliopendelewa, kwa kuwa ni wapole, wana macho makubwa na ni rahisi kuwafuga. Kope ya chini ya jicho moja huvutwa, kemikali ikadondoshewa ndani, kisha jicho likafumbwa kwa nguvu kwa muda mfupi ili isimwagike. Jicho la pili huachwa liwe la kulinganishia. Kwa miongo mingi wanyama hawa walibanwa shingo katika visanduku ili wasiweze kujikuna. Mtafiti hurudi baada ya saa moja, baada ya siku moja, mbili, tatu, na pengine hadi wiki tatu, akiandika alama: wekundu, uvimbe, uchafu unaotoka jichoni, ukungu uliotanda juu ya konea. Jaribio likiisha, kwa kawaida sungura huuawa. Kipo na kipimo cha zamani zaidi, alichokibuni J. W. Trevan mwaka 1927, cha kutafuta dozi inayoua nusu ya wanyama wote waliopewa. Kilibuniwa kwa ajili ya dawa kali ambazo kosa dogo la kipimo huua mgonjwa. Baadaye kikahamishiwa hadi kwenye rangi za midomo, wanyama wakalishwa kwa nguvu bidhaa ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu angeila kwa kiasi hicho.

Wanaotetea vipimo hivi wanayo historia upande wao, na si haki kuificha. Katika miaka ya 1930 huko Marekani iliuzwa rangi ya kope na nyusi iliyoitwa Lash Lure, yenye kemikali ya parafenilinidiamini. Wanawake walipofuka, na mmoja wao alifariki. Mwaka 1938 ikapitishwa sheria mpya iliyoipa serikali mamlaka juu ya vipodozi, na kipimo cha Draize kilizaliwa miaka michache baadaye katika hali hiyo ya hofu. Basi mtetezi atasema: mnaona, kabla ya sungura walipofuka wanawake. Lakini tuitazame habari hii vizuri. Baada ya wanawake kudhurika, ubaya wa rangi ile ulikuwa wazi kwa daktari yeyote aliyewatibu, na bado iliendelea kuuzwa, kwa sababu hapakuwa na sheria ya kuiondoa sokoni. Kilichokosekana kilikuwa mamlaka ya kukamata bidhaa. Sheria ilipopatikana, rangi ile ilikuwa miongoni mwa bidhaa za kwanza kukamatwa. Sungura hakuwa na sehemu yoyote katika ushindi huo.

Na kemikali ileile haijatuacha. Imo katika rangi nyingi nyeusi za nywele, na kutoka humo imeingia katika piko, ile rangi nyeusi inayochorwa mikononi na miguuni mwa maharusi kutoka Unguja na Mombasa hadi huku bara. Hina asilia hutoa rangi nyekundu ya kahawia na huchukua saa nyingi kukolea. Piko hukolea upesi na kung'aa, ndiyo maana inapendwa. Sheria za Ulaya huiruhusu parafenilinidiamini katika rangi ya nywele kwa kiwango kilichowekewa ukomo, na haziruhusu ipakwe kwenye ngozi. Watu waliopakwa wamepata malengelenge na makovu yenye umbo lilelile la ua lililochorwa, na wengine wamebaki na mzio wa maisha. Ni kemikali iliyopimwa kwa wanyama mara nyingi, na madhara yake yanajulikana kwa karibu miaka mia. Bibi harusi anayeungua leo haungui kwa sababu vipimo vimepungua. Anaungua kwa sababu hakuna aliyemwambia, na kwa sababu pakiti ile ilipita mpakani na dukani bila mtu kuuliza itatumikaje.

Hapo ndipo hoja ya usalama inapovunjika, na ukanda huu wa dhahabu unaweza kuona hivyo kuliko sehemu nyingine nyingi. Hakuna haja ya kumweleza mtu wa Geita au Kahama zebaki ni nini. Wachimbaji wadogo huichanganya na mchanga uliosagwa kwenye karasha ili ishike dhahabu, mara nyingi kwa mikono mitupu, kisha huichoma na kuvuta mvuke wake. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020, na mkataba huo unagusa mialo ya dhahabu na pia krimu za kung'arisha ngozi, kwa kuwa zebaki huzuia mwili kutengeneza rangi yake. Uliziwekea nchi wanachama mwaka 2020 kuwa ukomo wa krimu na sabuni zenye zebaki inayozidi sehemu moja kwa milioni, na mwaka 2023 wanachama wakakubaliana mjini Geneva kuufuta hata mwanya huo mdogo ifikapo 2025. Ujuzi uliozaa katazo hili ulitoka wapi? Sehemu yake kubwa ilitoka kwa watu. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza uchunguzi wao juu ya watu wazima waliolazwa kwa ugonjwa wa figo unaoumuisha mwili na kupoteza protini kwenye mkojo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha zenye zebaki. Ni zaidi ya miaka 50 sasa. Hebu mtetezi wa maabara atuambie ni sungura wangapi zaidi wapofushwe ndipo krimu hizo ziondoke kwenye rafu.

Haidrokwinoni, kemikali nyingine ya kung'arisha ngozi, ina habari inayofanana. Mwishoni mwa miaka ya 1930, wafanyakazi weusi wa kiwanda cha kutengeneza ngozi huko Marekani waligundulika wakipoteza rangi ya mikono kwa sababu ya kemikali ya jamii hiyo iliyokuwa ndani ya glovu zao za mpira. Kutokana na ajali ile ya kazini ikakua biashara nzima ya kuwauzia watu weusi weupe. Mwaka 1975 madaktari wa Pretoria wakaeleza jinsi krimu za haidrokwinoni zinavyozifanya nyuso za watumiaji wa muda mrefu ziwe nyeusi zaidi na ngumu, zenye vipele visivyoondoka, na mwaka 1990 Afrika Kusini ikaipiga marufuku katika vipodozi. Hapa kwetu imo katika orodha ya viambato vilivyokatazwa, pamoja na zebaki na steroidi. Katazo hilo lilisimamiwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, na tangu mwaka 2019 liko mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS. Tena steroidi ndizo zinazofunga mjadala. Krimu ya klobetasoli, mojawapo ya steroidi hizo, ni dawa halali ya magonjwa ya ngozi, dawa ambayo ilipita majaribio yote ya wanyama ambayo dawa hutakiwa kupita. Ikitoka mkononi mwa daktari ikaingia kwenye kopo la mkorogo, inalainisha ngozi mpaka inachanika, inaotesha chunusi na kuacha michirizi isiyofutika. Kupimwa kwake hakukumkinga yeyote, maana hatari haikuwa imejificha maabara. Ilikuwa kaunta.

Mtu akitaka ushahidi wa mwisho juu ya jambo hili, atazame ni bidhaa zipi ambazo bado zimeshikamana na vipimo vya wanyama. China, ambako vipodozi vingi vya bei nafuu hutoka, ilianza mwaka 2021 kuziruhusu bidhaa za kawaida kama shampuu na losheni ziingie nchini humo bila vipimo hivyo, kwa masharti. Zilizobaki katika kundi maalumu ni pamoja na rangi za nywele na bidhaa za kung'arisha ngozi. Kwa maneno mengine, yale makundi mawili ya bidhaa yanayotuunguza zaidi ndiyo yaliyobaki karibu zaidi na kizimba cha sungura. Kama kupima kwa mnyama kungekuwa ngao, hapa ndipo tungeona ngao hiyo.

Kuna udhaifu mwingine ambao wataalamu wenyewe waliukiri mapema. Mwaka 1971 Carrol Weil na Robert Scala walichapisha matokeo ya kuzipelekea maabara zaidi ya 20 kemikali zilezile ili zizipime kwa njia ya Draize. Majibu yalitofautiana vibaya: kemikali iliyoonekana kali katika maabara moja ilionekana haina neno katika nyingine. Wakashauri kwamba njia hizo zisiendelee kupendekezwa kuwa kipimo cha kawaida. Sababu si ngumu kuielewa. Sungura ana kope ya tatu ambayo sisi hatuna, hupepesa macho mara chache sana, hutoa machozi kidogo, na konea yake ni nyembamba kuliko yetu. Anayepima anasoma ukubwa wa uvimbe na wekundu kwa macho yake mwenyewe. Kipimo cha namna hii kikishindwa kuafikiana na chenyewe, hakiwezi kuwa msingi wa kumhakikishia mtu wa Kahama kwamba krimu aliyoshika haitamdhuru.

Na njia nyingine zipo, wala si ndoto. Kampuni ya Revlon ilipobanwa mwaka 1980 na Henry Spira, mwalimu wa sekondari wa New York aliyetoa tangazo la ukurasa mzima gazetini akiuliza ni sungura wangapi wanapofushwa kwa ajili ya urembo, ilitoa fedha kwa Chuo Kikuu cha Rockefeller ili zitafutwe njia mbadala. Leo kuna ngozi ya binadamu inayokuzwa maabara kutokana na chembe hai zilizobaki baada ya upasuaji, na kemikali hupakwa juu yake kuona kama inawasha. Njia hiyo iliingizwa mwaka 2010 katika miongozo ya OECD, umoja wa nchi tajiri unaoweka taratibu za vipimo vya kemikali. Mwaka mmoja kabla ilikuwa imeingizwa njia ya kutumia konea za ng'ombe waliokwisha kuchinjwa kwa ajili ya nyama. Uingereza iliacha kutoa vibali vya kupima vipodozi kwa wanyama mwaka 1998. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kupima bidhaa kamili mwaka 2004, viambato mwaka 2009, na Machi 2013 ukafunga soko lake kwa vipodozi vipya vilivyopimwa hivyo. India ilifuata mwaka 2014, ikakataza kupima na pia kuingiza. Viwanda vya manukato na krimu vya Ufaransa havikufungwa. Vinaendelea kuuza dunia nzima.

Nakiri kuna sehemu ambayo njia hizi mpya hazijaijaza sawasawa. Kujua kama kemikali itaharibu mimba au ini baada ya miaka ya kuitumia ni kazi kubwa kuliko kujua kama itawasha ngozi, na hata Ulaya sheria inayowalinda wafanyakazi wa viwanda vya kemikali imeendelea kudai vipimo vya wanyama kwa baadhi ya viambato vya vipodozi; Novemba 2023 mahakama ya Umoja huo iliipinga kampuni ya Symrise ya Ujerumani iliyokataa kuvifanya kwa viambato viwili vya mafuta ya kujikinga na jua. Wapo watakaoona hapa ushindi wao. Mimi naona swali jingine: nani alisema lazima kiambato kipya kiwepo? Dunia tayari ina maelfu ya viambato vinavyojulikana. Mafuta ya nazi, ya alizeti, ya ufuta, nta ya nyuki, gliserini, samli ambayo wafugaji wa nyanda hizi walijipaka vizazi na vizazi, vyote vina historia ndefu juu ya ngozi ya mtu. Kinachodai wanyama wapya kila mwaka ni mbio za makampuni kuwa na kitu ambacho jirani hana, fomula mpya, ahadi mpya ya kuondoa mikunjo au kuleta weupe. Dawa ya malaria ikikosekana mtu hufa. Krimu ya aina ya elfu na moja ikikosekana, hakuna anayekufa wala anayeugua. Ndiyo maana kuvichanganya vipodozi na dawa katika mjadala huu ni kosa: mzani wa dawa una uhai wa mgonjwa upande mmoja, na mzani wa kipodozi una faida ya kampuni.

Sasa niifikie hoja ya pili, ile ya kwamba haya ni ya mbali na hayatuhusu. Hoja hii ingeweza kusemwa kwingine kwa utulivu zaidi, lakini Shinyanga haina haki ya kuisema. Mji huo ulikuwa na machinjio ya punda. Ngozi zao zilisafirishwa hadi China, zikachemshwa zikatoa aina ya gundi iitwayo ejiao, inayouzwa kama kirutubisho cha damu na kama kitu cha urembo, katika vinywaji, vitafunwa na krimu za ngozi. Shirika la Donkey Sanctuary la Uingereza lilikadiria mwaka 2019 kwamba biashara hiyo ilihitaji ngozi zipatazo milioni 4.8 kila mwaka. Punda jike hubeba mimba kwa karibu mwaka mzima na kuzaa mmoja. Hakuna zizi linaloweza kuwazalisha kwa kasi hiyo. Nchini Kenya, ambako machinjio manne yalifunguliwa, zaidi ya punda 300,000 walichinjwa kati ya 2016 na 2018. Bei ya punda ikapanda, wizi ukaenea, mizoga iliyochunwa ikakutwa vichakani. Aliyeumia kwanza alikuwa mwanamke ambaye punda wake ndiye aliyembebea madumu ya maji, kuni na magunia ya mpunga. Punda alipotoweka, mzigo ulirudi kichwani kwake na kwa binti yake. Mwaka 2022 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuchinja punda, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliazimia mjini Addis Ababa kusitisha biashara ya ngozi zao bara zima kwa miaka 15.

Tulipolalamika juu ya punda wetu, tulimlaumu nani? Wezi, ndiyo, na wenye machinjio, na maofisa waliofumba macho. Lakini tulimhesabia sehemu yake hata mnunuzi wa mwisho: yule mwanamke au mwanamume wa mjini huko mbali anayenunua kijisanduku cha ejiao ili uso wake ung'ae. Huyo hakushika kisu. Pengine hajawahi kusikia jina la Shinyanga. Alilipa bei ya dukani, halali, akaondoka. Hata hivyo, hakuna mtu hapa aliyeona ajabu kusema kwamba bila fedha yake punda wa Shinyanga asingechunwa, na kwamba kutojua kwake hakumsafishi kwa kuwa angeweza kuuliza. Kama hukumu hiyo ilikuwa ya haki, na naamini ilikuwa ya haki, basi inarudi nyumbani. Mnunuzi wa Nyahanga anasimama mbele ya sungura wa maabara ya ng'ambo pale pale aliposimama mnunuzi wa ejiao mbele ya punda wa Shinyanga. Umbali ni uleule. Kutojua ni kulekule. Anachotafuta ni kilekile, uso unaong'aa. Hatuwezi kudai kwamba uwajibikaji husafiri kutoka Shinyanga kwenda mashariki na kwamba hauna njia ya kurudi.

Nitajibiwa kwamba punda alikuwa mali ya mtu na msaada wa familia, ilhali sungura wa maabara ni wa maabara na hakuna maskini aliyeibiwa. Ni kweli kwamba wizi na umaskini viliiongezea uovu biashara ile. Lakini si kila punda aliibwa. Wengi waliuzwa mnadani kwa hiari ya wenye nao, na bado watu waliona vibaya walipowaona wamesongamana bila maji wala majani, wakisubiri zamu baada ya safari ndefu. Kilichowakera hapo kilikuwa mateso ya mnyama mwenyewe. Na sheria yetu iko upande wa hisia hiyo: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtambua mnyama kuwa kiumbe chenye hisia. Ilitungwa Tanzania, na Bunge la Tanzania. Anayesema huruma kwa wanyama ni jambo la Wazungu anawapa Wazungu kitu ambacho ni chetu, na anamnyima heshima yake mchungaji wa Kisukuma anayemwita kila ng'ombe kwa jina.

Halafu kuna wanaouliza kwa nini nimtetee sungura huku tukila nyama kila sikukuu. Swali ni la haki na jibu lake ni fupi. Kuchinja kwetu kuna adabu: kisu kinatakiwa kiwe kikali, mnyama asioneshwe kisu, asiburuzwe, asicheleweshwe katika maumivu, na nyama yake inalisha watu. Waislamu wamefundishwa hivyo, na wasio Waislamu wengi wameyachukua kuwa desturi. Kipimo cha macho kinakwenda kinyume cha kila sharti hilo. Mnyama anawekwa hai ili aumie kwa muda uliopangwa, maumivu yenyewe ndiyo yanayopimwa, na mwishoni mwili wake haulishi mtu. Anayetaka kuacha nyama kabisa ana hoja zake, nami sizidharau. Lakini mtu hahitaji kuacha nyama ndipo akatae hili.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la umaskini. Mama anayeuza nyanya hana muda wa kuchunguza kampuni gani ilipima nini, na hela aliyonayo inamtosha kununua kinachopatikana. Sitaki kumbebesha huyo mzigo wa kwanza. Wajibu unalingana na uwezo, na wenye uwezo mkubwa ni wanaonunua kwa katoni: wauzaji wa jumla wanaoleta mzigo kutoka Kariakoo na ng'ambo ya mipaka yetu, wenye saluni, waandaaji wa mashindano ya urembo, watu mashuhuri wanaokodishwa nyuso zao kwenye mabango. Hao wanajua majina ya wasambazaji wao na wanaweza kuuliza kabla ya kulipa. Hata hivyo, si kweli kwamba mwenye kipato kidogo hana chaguo lolote. Kitu cha bei nafuu kuliko vyote dukani kwa kawaida ni mafuta ya kawaida na sabuni ya kipande. Kinachogharimu ni ahadi ya weupe. Mtu anayeweka akiba ili anunue krimu ya kung'arisha, kisha baadaye aweke akiba nyingine ya kutibu uso aliouharibu, hajaokoa senti kwa kumtoa sungura kafara. Katika soko letu, njia inayomwepusha mnyama na mateso na njia inayomwepusha mtu na zebaki mara nyingi sana ni njia moja: viambato vichache, vinavyojulikana, visivyoahidi kubadili rangi ya mtu.

Kuhusu anayesema kopo lake moja haliwezi kubadili kampuni kubwa, nimkumbushe kwamba Revlon ilikuwa kampuni kubwa na Spira alikuwa mwalimu. Lakini sitaki kumficha ugumu uliopo. Alama ya sungura anayeruka, inayotolewa tangu miaka ya 1990 kwa bidhaa zilizothibitishwa kutopimwa kwa wanyama, haionekani mara nyingi katika maduka yetu, na katika soko lenye bidhaa za kughushi alama yoyote inaweza kuchapwa na yeyote. Maneno ya kwamba bidhaa haikupimwa kwa wanyama nayo yanaweza kumaanisha tu kwamba bidhaa kamili haikupimwa, huku viambato vyake vilipimwa na kampuni nyingine iliyoviuza. Mnunuzi peke yake, mbele ya rafu, na mwanga wa simu yake, hawezi kuyafumbua hayo yote. Ndiyo maana nakataa jambo hili libaki kuwa la dhamiri ya mtu binafsi tu. Punda wa Shinyanga hakuokolewa kwa kungoja kila mnunuzi wa ejiao atubu. Aliokolewa na katazo.

Katazo kama hilo linawezekana hapa kwa gharama ndogo. TBS tayari inataka kila kipodozi kisajiliwe kabla ya kuuzwa, na mwombaji anatakiwa kueleza viambato vyake. Liongezwe tamko moja katika maombi hayo: kwamba bidhaa na viambato vyake havikupimwa kwa wanyama kwa ajili ya urembo baada ya tarehe itakayowekwa, na ushahidi wa usalama uliotumika utajwe ni upi, iwe ngozi ya kukuzwa maabara, konea za machinjioni au historia ya matumizi kwa watu. Asiyeweza kutoa tamko hilo asisajiliwe, na mzigo usiosajiliwa ukamatwe, kama ambavyo krimu za zebaki zinapaswa kukamatwa. Mkaguzi atakayefungua katoni Kahama akitafuta zebaki na haidrokwinoni atakuwa na karatasi moja tu zaidi ya kuomba.